Sanduku Linalokohoa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimechoka mpaka kwenye kucha. Kamera nane kwenye villa moja kule Dilala, na tajiri mwenyewe hajui anamwogopa nani. Kila kona anataka jicho. Hata juu ya banda la kuku! Nikamwambia mwizi wa kuku haangalii juu. Hakucheka. Nikamfungia hata hilo la kuku.

Lakini nilikuta kitu. Tulipovuta kabati la korido, nyuma yake kuna sanduku la bati ukutani. Kijani, lina tundu la ufunguo na taa tatu. Alamu ya zamani ya wezi, ya wakati wa Wazungu wa migodi. Tajiri akasema litupwe. Mimi nimelileta nyumbani kwa pikipiki ya taxi-moto, limenikwaruza mapaja yote mawili. Nilifikiri labda Tata atafurahi kuliona.

Tata Muteba, baba yangu, tangu kiharusi cha Desemba hasemi sana. "Ehe." "Hapana." Basi. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Zamani, miaka kumi na minne, alikuwa fundi wa masanduku haya kwenye kampuni moja ya ulinzi iliyokufa siku nyingi. Nikaliweka miguuni pake. Akainama. Akalipapasa pembeni, chini, kwenye bawaba. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu Noeli:

— Huyu haiko ye. Ndaya haiko mu huyu.

Yaani silo, Ndaya hayumo ndani. Ndaya ni mama yangu. Alikufa nikiwa na miaka minne.

Jumanne, 5 Machi 2024

Imechukua asubuhi nzima na vikombe vitatu vya chai. Maneno yanamtoka moja moja, mengine yanakataa. Naandika nilivyoelewa.

Mwaka wa tisini na tatu, tulipoambiwa sisi watu wa asili ya Kasai turudi kwetu. Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa hapahapa Kolwezi, Manika! Siku ile ya mwisho Tata alikwenda kazini kama kawaida, kwenye villa ya mteja, kubadilisha betri ya alamu. Mfukoni alikuwa na bahasha. Kwenye mtaa wetu nyumba zilishaanza kuvunjwa, basi alichukua kitu kimoja tu alichoogopa kukipoteza: picha ya Mama, iliyopigwa studio. Picha yake ya pekee.

Akatoa betri ya zamani. Mpya hakuiweka. Mahali pa betri aliweka bahasha, akafunga mlango mdogo kwa ufunguo. Mlango ule hufunguliwa na fundi peke yake, na fundi ni yeye. Alidhani ni wiki mbili, mambo yatulie, turudi. Kesho yake tukawa kwenye treni.

Mama alikufa Mwene-Ditu, kule Kasai, baada ya miezi minne. Sisi tulirudi Kolwezi miaka kumi na sita baadaye.

Miaka thelathini na moja hakuniambia! Nikapaza sauti. Nilimgombeza mtu mgonjwa kwenye kiti chake, Mungu anisamehe. Alingoja nimalize. Akasema aliona haya. Mume gani anaacha sura ya mke wake kwenye sanduku la mtu mwingine?

Mimi ninakumbuka mgongo wa Mama tu, kwa sababu nilibebwa. Sura sina.

Jumamosi, 9 Machi 2024

Nilimwuliza jambo rahisi: nyumba ipi? Hajui. Nikadhani ni ugonjwa. Siyo ugonjwa, ni kazi!

Kwenye kampuni yao ilikatazwa fundi kuandika anwani ya mteja mahali popote. Orodha ya nyumba zenye alamu, mwizi akiiokota, amepata shamba lililokwisha kulimwa. Kwa hiyo njia aliijua dereva. Fundi alijua sanduku. Na masanduku waliyapa majina kama watoto: Kiziwi. Mlevi, aliyekuwa analia ovyo mvua ikinyesha. Bibi Harusi, mweupe, hataki kuguswa. Asubuhi mkubwa anasema leo Mlevi na Kiziwi, dereva anawasha gari, wanakwenda. Na Tata alikaa nyuma pamoja na ngazi, haoni njia.

Dereva? Amekufa. Mkubwa? Alikwenda kwao Ulaya, hajulikani. Jina la sanduku letu? Hapo Tata alifumba macho, akapiga paja kwa ngumi. Limepotea. Kiharusi kimeliondoa. Villa zenyewe zilifanana zote, na siku hizi kuna maduka mbele, kuta za matofali, miti imekatwa. Nyingine zimebomolewa kwa ajili ya mgodi.

Basi tuna sanduku lisilo na jina kwenye nyumba isiyo na anwani. Kazi nzuri kabisa.

Jumatano, 13 Machi 2024

Nimecheka leo!

Kuna kundi kwenye Facebook la wazee wa Ulaya wanaopenda alamu za zamani. Watu wazima, wanaweka picha za masanduku kama wengine wanavyoweka picha za wajukuu. Nimeshusha picha arobaini, megabaiti zangu zote zimekwisha. Baada ya chakula nikamwonyesha Tata, moja moja.

Alikuwa mtu mwingine. Hili, villa za wakurugenzi. Hili, la watawa. Hili lenye vitufe vya namba lilikuja mwishomwisho, na Tata analichukia mpaka leo, ufunguo ulimtosha. Chini ya picha moja wameandika ni la mwaka 1972. Tata akatikisa kichwa mpaka nikaogopa. Mwaka ule taa zilikuwa balbu za kioo, za kufungua kwa vidole, na hizi ni zile nyekundu ndogo zisizoungua. Si la 1972 hata kidogo, ni la baadaye. Nikawaandikia hivyo kwa Kifaransa. Baada ya saa moja mzee mmoja wa Liège akajibu kwamba bwana huyu amesema kweli, ni la 1979. Tata alitaka nimsomee jibu hilo mara tatu.

Kisha akaomba kalamu. Mkono wa kushoto unatetemeka, lakini nimeelewa: sanduku la kijivu, rangi yenye vidutuvidutu kama bati lililopigwa nyundo. Saa ya mshale mmoja juu, ile ya kupima umeme. Matundu mawili ya ufunguo. Taa nne za kioo. Chini kuna mlango mdogo wa betri.

Jioni alikuja mezani kula na sisi. Mwenyewe. Shekina, binti yangu, alinitazama na kijiko mdomoni. Nikamsogezea sahani tu, tusimtishe.

Jumapili, 17 Machi 2024

Baada ya ibada nimesimama kwenye matangazo. Nikatangaza: Fundi Mianda, yaani mimi, anaondoa masanduku ya alamu ya zamani majumbani, bure, na tundu anaziba kwa simenti. Pasta akauliza kwa nini bure. Nikasema ni utafiti. Hilo neno lina nguvu! Kwa Kifaransa ni recherche, mama wote wakaitikia kwa kichwa.

Kutoka nje tu, namba tano kwenye simu.

Jumamosi, 23 Machi 2024

Siku ya nyumba tano. Mechack, jirani yetu, alitubeba kwenye taxi yake, Tata mbele, mimi nyuma na begi la vyombo. Nilitaka Tata abaki. Alikuwa amevaa viatu kabla sijaamka.

Nyumba ya kwanza: sanduku ni kabati la dawa. Quinine, plasta, na rozari.

Ya pili: limefunikwa kwa kalenda ya mwaka 2011. Mhubiri mmoja aliwaambia ni mashine ya kusikiliza, ya kupeleka maneno ya nyumba kwa wakubwa. Miaka kumi na tatu wanagombana jikoni tu, kwa sauti ya chini. Nikawafungulia waone. Vumbi na mjusi. Mume akasema afadhali, mke akasema yeye alishazoea amani.

Ya tatu na ya nne: masanduku ya kijani, siyo letu.

Ya tano imenishika moyo. Mama mmoja mjane. Kila jioni anageuza ufunguo wa alamu yake, kila asubuhi anaurudisha, na hajawahi kuibiwa. Nilifungua. Nyaya zote zimekatwa kwa koleo, kitambo sana, labda kabla hata hajanunua nyumba. Nikageuka nimwambie. Tata alinishika kiwiko. Akamwuliza mama kama ufunguo ni mzito. Mama akasema kidogo. Tata akaniagiza niutie mafuta. Nikautia mafuta, tukaaga.

Kwenye gari nilimwuliza kwa nini. Akasema ile inafanya kazi.

Jumanne, 26 Machi 2024

Leo nilidhani tumefika. Villa ya mhasibu mmoja, karibu na barabara ya lami: sanduku la kijivu, vidutuvidutu, mshale, matundu mawili, taa nne. Kila kitu! Tata aliliangalia, midomo ikacheza. Nikafungua mlango wa betri kwa bisibisi. Betri ya zamani imo, imeoza, asidi imekula bati mpaka chini. Hakuna bahasha, na kama ingekuwamo ingekuwa uji.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya watu. Tata akaniambia nilipe umeme.

Sikuelewa. Akaonyesha begi. Huwa nabeba betri ya pikipiki kwa kazi zangu. Nikaunganisha nyaya mbili, mshale ukaamka, na ndani ikasikika *ta!* — rele inajipiga, ile swichi ndogo inayofungua na kufunga njia ya umeme. Mara moja, safi kabisa. Tata alikuwa ameweka sikio kwenye bati, amefumba macho.

— Haiko ye. Ye alikuwaka anakohoa. Mara tatu. Ya tatu inachelewa.

Kisha akafumbua macho, akanichekea kwa nusu ya mdomo inayocheka bado. Jina limerudi: Mwenye Kifua. Kila mtu pale kazini alimjua. Rele yake ilikuwa na spring iliyochoka, wakaagiza nyingine Ulaya, haikuja. Hakuna lingine lililokohoa hivyo Kolwezi nzima.

Kwa hiyo hatutafuti kwa macho. Tunatafuta kwa sikio. Na sikio lake, daktari mwenyewe amesema, halina ugonjwa.

Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Mechack alisikia kuna mtaa ulikuwa na masanduku mengi ya kijivu. Tukaenda baada ya ibada. Mtaa haupo. Safu nzima imelazwa, villa kumi au kumi na mbili, na mashine kubwa ya njano imesimama juu ya kifusi, imepumzika kwa ajili ya sikukuu. Milango ya bafu, vigae vya rangi ya maziwa. Nyaya zimetoka kwenye matofali.

Tata hakushuka garini. Alisema tu labda ni hapa.

Nilizunguka kifusi nikipindua mabati kwa mguu, na nguo zangu za kanisani. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nililia mbele yake kama mtoto. Akanipa chupa yake ya maji.

Jumatatu, 1 Aprili 2024

Pasaka imepita. Mvua. Hakuna simu.

Tata amerudi dirishani. Chai hakunywa.

Alhamisi, 4 Aprili 2024

Kamera kwenye duka la simu, siku nzima juu ya ngazi. Mwenye duka anataka aone mpaka kucha za wateja.

Simu moja tu ya sanduku: Mama Kabemba, anauza samaki wa barafu, Dilala. Anasema liko nyuma ya friza yake na linamzuia kuisogeza. Rangi? Hajui, kuna giza. Nimemwambia Jumamosi. Sijamwambia Tata bado. Sitaki kumtoa kwenye kiti bure tena.

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Sijui nianzie wapi. Naanza mwanzo.

Nilimwambia asubuhi. Akavaa viatu.

Nyumba ya Mama Kabemba mbele imekuwa duka la samaki, nyuma ni villa ileile ya zamani. Mama mnene, mchangamfu, kama miaka hamsini, apron ya plastiki. Alinisalimu huku ananitazama sana. Nikafikiri nina masizi usoni. Vijana wake wawili wakavuta friza, na lile hapo: kijivu. Vidutuvidutu. Mshale umevunjika kioo. Sikufurahi bado. Nilishaungua mara moja.

Nikaweka kiti, Tata akakaa, akaegemeza sikio. Nikaunganisha betri.

*Ta. Ta.*

Kimya. Nikahesabu moja, mbili—

*Ta.*

Tata alisimama. Bila fimbo, bila mimi. Alisimama akaweka kipaji cha uso kwenye lile bati na kulisalimu kwa Kiluba, kama unavyomsalimu mtu mliyefanya naye kazi moja. Vijana wa samaki wakavua kofia, hawajui hata kwa nini.

Nikafungua mlango wa betri. Kufuli ilikuwa imeshavunjwa, zamani. Ndani mtupu. Siyo vumbi, siyo asidi. Patupu na pasafi, na karatasi ya gazeti imetandikwa chini vizuri. Mtu alipafuta.

Tata alipitisha vidole ndani, kona zote nne, akarudia tena. Ndipo Mama Kabemba, nyuma yetu, akauliza kama tulikuwa tunatafuta photo.

Nikageuka.

— Mi nakuyua tangu ku mulango, akasema. Nilikuwa najiuliza, huyu mama nalimuona wapi? Njo we. Njo mama ya ku kibambazi!

Yaani ndiye mimi, mama wa ukutani. Akakaa juu ya friza, akatueleza, machozi yanamtoka na anacheka. Mama mkwe wake, Mama Nkulu, aliingia kwenye nyumba hii mwaka wa tisini na sita. Siku ya usafi akavunja kufuli, akakuta bahasha, ndani picha ya mwanamke. Hakuna jina. Akasema hatuwezi kulala kwenye nyumba ya mtu na kutupa sura yake shimoni. Akaitilia fremu, akaitundika sebuleni. Watoto wote wamekua chini yake. Na kila jioni kwenye sala, baada ya kuombea wa nyumbani, waliombea na mama ya ku kibambazi. Hawakujua kama yuko hai au alikufa, basi wakaomba yote mawili: kama eko hai, Mungu amuchunge, kama alikufaka, amupumzishe.

Miaka ishirini na minane! Mimi nilidhani hakuna mtu duniani anayemtaja mama yangu.

Picha haipo Kolwezi. Mama Nkulu alirudi Lubudi kulima miaka sita iliyopita, akaondoka nayo. Alikataa kabisa kuiacha. Mama Kabemba akatoa simu, wajukuu kule wana simu nzuri, dakika tano watatuma picha ya picha.

Mimi nilishasema ndiyo. Tata akaweka mkono juu ya simu.

— Hapana mu telefone. Mi nilimuacha na mikono yangu. Nitamufwata na miguu yangu.

Jumapili, 7 Aprili 2024

Nimekasirika, naandika hapa maana siwezi kumwambia. Ni mama yake nani? Ni mama yangu! Yeye aliiona ile sura miaka tisa mezani, kitandani, sokoni. Mimi sina hata nusu. Na namba ya mjukuu wa Lubudi ninayo, Mama Kabemba alinipa kwa siri mlangoni. Dakika tano tu.

Niliandika ujumbe. Nikaufuta. Nikaandika tena. Shekina akasema, "Maman, tuma, kambo hatajua." Kambo, yaani babu yake. Nikamwambia aende kuosha vyombo.

Nikaingia bafuni. Mama Kabemba alinitambua mlangoni, kabla sijafungua mdomo. Maana yake nini? Nikasimama mbele ya kioo. Paji la uso, hili kubwa ambalo shuleni waliniita uwanja wa ndege. Hii nafasi kati ya meno. Sikujua nilivipata wapi. Shangazi yangu Mwene-Ditu alikuwa anasema sifanani na mtu. Shangazi ni ndugu wa Tata, alitafuta upande wake tu!

Nilikaa pale mpaka Shekina akagonga. Ujumbe sijatuma.

Alhamisi, 11 Aprili 2024

Daktari amekubali, kwa masharti: polepole, asimame kila saa moja, dawa zisisahauliwe. Mama Kabemba amewapigia Lubudi, wanatungoja Jumamosi. Mechack hataki kusikia habari ya bei, anasema atajaza mafuta mwenyewe, yumo kwenye jambo hili tangu nyumba ya kwanza.

Tata amekwenda kwa kinyozi. Kisha akaomba suti. Ile ya kahawia, imemzidi siku hizi, Shekina amekunja suruali na kuishona. Akauliza kama kuna rangi ya nywele. Nikadhani sijasikia. Rangi ya nywele! Nikamcheka, "Tata, unaenda kuoa?" Hakucheka. Akasema Ndaya alikuwa na miaka ishirini na saba.

Nikahesabu. Mimi nina thelathini na tano. Nimemzidi mama yangu miaka minane. Kesho kutwa nitamwona, na mimi ndiye mkubwa.

Jioni nimemnunulia rangi.

Jumamosi, 13 Aprili 2024. Lubudi

Naandika juu ya goti, kwenye benchi, uani kwa Mama Nkulu. Tumefika.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Njia imeliwa na mvua, mara mbili tulishuka kusukuma, Tata akitoa amri kutoka dirishani. Karibu na Lubudi, reli ilipotokea pembeni ya barabara, akanyamaza. Treni ile ilipita hapa, sisi watatu ndani yake. Nikamshika bega.

Mama Nkulu alitungoja getini mwenyewe. Mdogo, mkavu, fimbo, mikono ina unga wa muhogo. Hakutoa salamu. Alikuja moja kwa moja kwangu, akashika uso wangu kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya. Kisha akaita kuelekea nyumbani, watu watoke. Wakatoka wengi, watoto, wakwe, majirani, wakasimama kunitazama. Msichana mmoja akanigusa mkono na kukimbia.

Akamwona Tata, bado anahangaika kushuka garini. Akaniuliza huyu ni nani.

Nikasema, "Bwana yake."

Sijawahi kumwita hivyo, bwana wa Mama. Tata alilisikia. Alinyooka pale kwenye mlango wa gari, na suti yake kubwa, na nywele nyeusi kupita kiasi.

Hakutaka kuingia mara moja. Aliomba maji, anawe vumbi la njia. Wamempeleka nyuma ya jiko, Mechack anamsaidia. Nasikia kata inagonga ndoo. Picha iko sebuleni, hatua kumi kutoka hapa, nyuma ya pazia la maua. Mama Nkulu amekaa mlangoni na ameshika pazia lisifunguke, kwa sababu nilimwomba. Nikiinama hata kidogo upande, nitaona. Sijainama. Nimekaza shingo, naandika.

Mechack amemrudisha. Amesimama mbele yangu sasa, uso una maji. Maji ya rangi yanateremka shavuni, nimeyafuta kwa kitenge changu. Nikamwambia twende. Hatembei.

— Mianda, mama. Ye iko na miaka makumi mbili na saba. Mi niko muzee. Ataniyua?

Nimeinamia daftari ili asinione macho. Mama Nkulu ndiye aliyejibu, kule mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la nyumbani kwake.

— Tata, ye hii myaka yote anaangalia ku mulango tu.

Tata amenipa mkono. Mama Nkulu ameanza kuvuta pazia. Naweka kalamu.